Fundo la Nane la Kisima cha Zamburani

Sogeeni basi, na mwenye kikombe cha maji mkononi akiweke chini kwanza asije akapaliwa, maana kisa hiki ni cha maji na mwisho wake hauteremki vizuri kooni.

Palikuwa na mji ukiitwa Zamburani, uliojengwa juu ya mwamba wa matumbawe, na mtawala wake alikuwa Sultani Mudhafari bin Nasibu, mwenye taji la lulu arubaini na vyeo vya heshima arubaini, mpenda haki kwa maneno na mpenda halwa kwa vitendo. Na mji ule haukuwa na mto, wala ziwa, wala chemchemi itokayo jabalini. Ulikuwa na visima mia na kumi na viwili, na vyote vilinyonya titi moja, nalo ni kisima kikuu cha katikati ya mji kilichoitwa Kisima Mama. Na ajabu ya maji yake ni kwamba yalilala chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kama samli inavyolala juu ya mchuzi, matamu juu na ya chumvi chini, na baina yao hapana ukuta.

Ukuta ulikuwa jini. Babu wa babu yake Sultani, zama zile ambazo masultani walikuwa wakifanya kazi, alimkuta jini wa kike aitwaye Marjanu amelala katika pango la matumbawe, akamvika pete ya shaba kidoleni na kumfunga kwa ahadi kwamba atanyoosha viganja vyake chini ya Zamburani na kuyatenga maji mawili yasikutane, na ujira wake uwe neno moja la kweli kila mwezi. Na kwa ahadi ile ikawekwa sheria, na sheria ikachongwa mdomoni mwa Kisima Mama: kila mwezi Mpimaji ateremshe kamba ya usumba wa nazi yenye mafundo, ahesabu tangu ukingoni hadi penye maji, kisha ashuke ngazi amwambie jini fundo alilolikuta. Likiwa la nane au chini ya hapo, kila mtu achote na mashamba yanyweshwe. Likizidi nane, visima vya mashamba vifunikwe na kutiwa muhuri wa lakiri ya Sultani mpaka mvua. Likifika kumi na moja, hata hamamu za kasri zifungwe, na kila nyumba ipate mtungi mmoja wa kunywa, na Sultani naye mtungi mmoja.

Miaka mia na zaidi sheria ile ilifuatwa, na watu wakainung'unikia kama watu wanavyonung'unikia kila kinachowaokoa, na hakuna aliyekufa kwa kiu.

Sasa, katika mtaa wa Kisima Mama aliishi kijana Haidari bin Makame, mwana wa mjane msuka mikeka aitwaye Mwana Tima. Huyu Haidari alikwenda ng'ambo, akasoma miaka saba elimu ya maji yaliyofichika, namna yanavyotembea chini ya mawe na namna yanavyochoka, akarudi na ijaza, yaani hati ya kufuzu, yenye mihuri mitatu na wino wa dhahabu, na mama yake akaifunga katika kanga mpya na kuiweka sandukuni pamoja na sanda yake mwenyewe, kwa kuwa hivyo viwili ndivyo vitu vya thamani alivyokuwa navyo.

Na kazi hakupata. Miaka minne alishinda kwenye baraza ya Waziri Fadhlani na nakala za ijaza kwapani, na pale barazani palitundikwa tundu la dhahabu lenye kasuku wa kijivu aliyefundishwa neno moja tu. Ukisema asalamu aleikum, kasuku hujibu, "Njoo kesho." Ukisema masalkheri, "Njoo kesho." Kazi zenyewe zilikuwako, wallahi zilikuwako tele. Msimamizi wa mizani alikuwa shemeji yake Waziri, na mkuu wa bustani mwana wa shangazi yake, na hao hawakuulizwa ijaza hata ya kuchinja kuku, kwa kuwa walikuwa na ile elimu ambayo watu wa leo huiita koneksheni, na elimu hiyo haina mtihani.

"Leo wamekwambiaje?" Mwana Tima alikuwa akimuuliza kila jioni, macho yake kwenye ukili aliokuwa akiusuka.

"Kasuku amesema nije kesho, mama."

"Heri huyo kasuku, anajibu. Kunywa maji, baba. Hasira haikai juu ya maji."

Basi ikawa Mpimaji wa zamani amefariki, na Waziri akaleta mpwa wake kushika kamba. Mpwa akashuka kisimani asubuhi ana ndevu nyeusi na akapanda adhuhuri zi nyeupe kama pamba, hawezi kusema alichokiona. Akaletwa wa pili, huyo akapanda akicheka, na anacheka mpaka leo. Wa tatu akatazama ngazi, akatazama wenzake, akakumbuka ana safari. Kwa maana jini hajui koneksheni, jini huuliza swali moja tu, "Maji ni nini yakiwa hayaonekani?" na asiye na jibu haambiwi aje kesho. Na hapo ndipo Waziri alipomtuma askari mbio kumtafuta yule kijana aliyekuwa akijibiwa na ndege.

Haidari akashuka ngazi mia na sita, na chini akaona nuru ya kijani, na ndani ya nuru uso mpana kama ua wa nyumba, na nywele za mwani, na viganja viwili vimetandazwa gizani hadi jicho lisikokwenda, na katika kidole kimoja pete ya shaba iking'aa.

"Maji ni nini yakiwa hayaonekani?" akauliza Marjanu.

"Ni amana," akasema Haidari. "Aliyeyaweka hayupo, na mwenye kuyahitaji hajazaliwa."

Jini akasema kwa sauti iliyotetemesha mawe, "Ewe Haidari mwana wa Makame, marhaba. Tangu zamani sijasikia jibu. Sikiliza basi, kwa kuwa hili halikuchongwa katika jiwe, nalo hupokewa mdomo kwa mdomo. Bahari inapumua. Ikijaa, hukisukuma kisima juu, na kisima hujidai kina maji kisichokuwa nayo. Ikikupwa, kisima hubaki na chake. Kwa hiyo pima siku ya bamvua ya mwezi mwandamo, bahari inapojaa na kukupwa kuliko siku zote, saa nne ya asubuhi, maji yamekupwa kabisa, ndipo kisima hakina cha kujisitiri. Kisha uniambie fundo, nami nitajua nikaze viganja au nilegeze."

"Huyaoni mwenyewe, ewe Marjanu, nawe ndiwe uliyeyashika?"

"Aliyejitwika mtungi haoni kilichomo ndani yake," akasema jini. "Macho yangu ni wewe."

Na kwa mwaka mzima Haidari alikuwa macho mema. Kila bamvua, saa nne ya asubuhi, alipita njia ya nyuma ya nyumba ya Waziri na kamba begani, na kila bamvua dirisha la juu la nyumba ile lilifunguka kidogo, na nyuma yake alikuwako Shadya, binti wa Waziri, aliyekuwa na macho yenye kusikiliza. Hawakusemezana zaidi ya sabalkheri. Na Mwana Tima, mtu akiingia kwake, kabla hajakaa humtilia kikombe na kumwambia, "Onja. Haya ni maji ya mwanangu."

Mwaka wa pili mvua haikuja. Na katika mwaka huohuo, kwa hekima asiyoijua ila mwenyewe, Waziri Fadhlani alikuwa amepanda miwa. Zamburani nzima, kati ya mazao yote aliyoumba Mola, akachagua lile linalokunywa kama ngamia aliyevuka jangwa, akachimba visima thelathini na kuweka magurudumu thelathini ya kuteka maji, yakizungushwa na ngamia mchana kutwa.

Ikafika bamvua, Haidari akateremsha kamba saa nne, na kamba ikalowa katika fundo la kumi. Akateremsha tena. Kumi. Akachukua lakiri ya Sultani ili akavifunge visima vya miwa, na kabla hajatoka uwanjani akaitwa nyumbani kwa Waziri, na mara hii hakukalishwa barazani bali alipandishwa ghorofani penye mazulia, akaletewa kahawa na halwa.

"Karibu, mwanangu Haidari," akasema Waziri. "Kaa, kaa. Nimesikia kumi."

"Kumi, bwana wangu. Nimepima mara mbili."

"Na mimi nakuamini. Wewe ni msomi, si kama wale wapumbavu niliowaleta." Akacheka. "Lakini nieleweshe mimi nisiyesoma. Jana jioni mtumishi wangu kachungulia kisima, akaniambia maji yako juu. Alisema uongo?"

"Hakusema uongo. Bahari ilikuwa imejaa. Ikijaa, kisima hupanda mafundo mawili."

"Kwa hiyo saa kumi ya jioni, kamba hiyohiyo, kisima hichohicho, ingelowa wapi?"

Haidari akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Ingelowa wapi, mwanangu?"

"La nane."

"La nane," akasema Waziri kwa upole, kama mwalimu. "Na pale kwenye jiwe, penye sheria, pameandikwa saa?"

"Hapakuandikwa. Wazee hawakuwaza kwamba..."

"Basi. Mimi sikwambii useme uongo, hasha, astaghafirullahi. Mtu wa ijaza kama wewe aseme uongo? Nakwambia upime tu. Teremsha kamba, uone kwa macho yako, useme ulichokiona. Miezi mitatu, miwa ikomae, kisha upime hata alfajiri, mimi sitakuzuia." Akaisogeza sahani ya halwa. "Na kwa kuwa tunazungumza kama baba na mwana, naambiwa kuna dirisha la nyumba yangu huwa halifungwi vizuri siku za bamvua. Shadya hajaposwa. Ila mkwe wangu hawezi kuwa mtu anayenifungia visima, itakuwa aibu, watu watasema. Na Mpimaji asiyepatana na serikali hubadilishwa, hiyo nayo unaijua. Baraza yangu ile iko palepale."

Na hapo kasuku wa chini, kana kwamba ameulizwa, akasema, "Njoo kesho."

Enyi wasikilizaji, mtu hauzwi kwa mali peke yake. Haidari hakutamani miwa wala mazulia. Aliiogopa ile baraza. Aliikumbuka miaka minne ya kukaa juu ya mawe yale na nakala zikilowa jasho, akaona kwamba anaweza kustahimili kila kitu duniani isipokuwa kuirudia, na woga ule ukavaa nguo za elimu na kumwambia: fundo la nane nalo si liko? Si kweli nayo?

Akapima saa kumi. Kamba ikalowa katika fundo la nane. Akashuka akasema, "Fundo la nane, kwa haki ya kisima," na Marjanu akalegeza viganja, na magurudumu thelathini yakaendelea kulia.

Mwezi wa pili alipima saa kumi tena. Mwezi wa tatu hakuna aliyemkumbusha, akajiamsha mwenyewe kutoka usingizi wa mchana, akachukua kamba yake saa kumi kama mtu aendaye kazini. Ila safari ile maji ya saa kumi yalikuwa katika fundo la kumi, akalitazama, akaikumbuka arusi yake na Shadya iliyopangwa Ijumaa, akashuka.

"Haidari," akasema Marjanu, "ncha za vidole vyangu zinawasha. Hili lilinifika mara moja tu, mwaka wa kiu kubwa, na Mpimaji wa siku zile aliniambia kumi na moja. Fundo gani leo?"

"La nane."

"Kwa haki ya kisima?"

"Kwa haki ya kisima."

"Basi ni uzee wangu," akasema jini, akalegeza.

Ijumaa ikafungwa nikahi, na ikapigwa ngoma siku saba, na Sultani akahudhuria akala halwa, na Shadya akatolewa amevaa dhahabu tangu utosini hadi nyayoni, na hapakuwa na arusi iliyofanana na hiyo. Na asubuhi ya siku ya nane Mwana Tima akaja kwa mwanawe na birika la chai aliyoipika kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa hakuwaamini wapishi wa matajiri, akammiminia mwanawe, kisha akajimiminia, akaonja, akakunja uso.

"Ya Rabi," akasema. "Nimetia chumvi badala ya sukari. Mkono wangu umezeeka, baba. Nisamehe, mbele ya mkeo, asubuhi yake ya nane."

Haidari akaonja. Akajua. Na ulimi uliosoma miaka saba ukashindwa na maneno matatu, "Si wewe, mama." Akasema, "Haidhuru, mama. Tutapika nyingine."

Akatoka mbio. Ilikuwa saa nne. Alipita njia ileile ya nyuma na akakuta wanawake wamekizunguka Kisima Mama na mitungi mitupu, wanatema na kuulizana, akashuka ngazi mia na sita, na ngazi ya mwisho ilikuwa chini ya maji, na juu ya ile ya pili yake imelala pete ya shaba, imekatika.

"Marjanu," akaita. "Ewe Marjanu, rudi, nitakuambia kweli. Ni kumi na mbili. Ni kumi na mbili, kwa haki ya kisima."

Na sauti ikaja kutoka mbali, chini ya bahari. "Siku ya kwanza sikukuuliza ulichokiona, ewe mwana wa Makame. Nilikuuliza maji ni nini yakiwa hayaonekani, nawe ulinijibu jibu ambalo sijasikia lililo bora yake. Ahadi yangu ililishwa na neno la kweli, na neno la kweli lilipoisha, pete ilijikata. Niko huru. Wallahi uhuru huu sikuutaka. Nilikuwa nikiwasikia watoto wenu wakioga."

Na haikusema tena.

Sultani akaunda tume. Tume ikakaa miezi sita, ikala mbuzi wasiohesabika, ikatoa ripoti iliyofungwa kwa utepe, kwamba chumvi imeletwa na wanawake wa mtaa wa Kisima Mama kwa kufua mno. Na katika daftari za Mpimaji kila mwezi uliandikwa nane, nane, nane, kwa hiyo Haidari akasifiwa mbele ya kadamnasi na kuvishwa joho. Miwa ya Waziri ilikauka wima, na Waziri akafa kwa ghadhabu, na uwaziri ukamfikia mkwewe. Maji matamu yakawa yanaletwa kutoka bara kwa misafara ya ngamia, na misafara ikakabidhiwa kwa Waziri Haidari, hata ikawa hakuna tajiri Zamburani aliyemzidi, na maskini wakanywa chumvi ama wakahama. Basi ndoa alipata, na mali alipata, kama wanavyopata wote katika hekaya.

Siku moja Shadya akamwambia, bila ghadhabu, huku akifunga dirisha, "Mwaka mzima nilikuwa nikikutazama hapa ukipita saa nne. Miezi ile mitatu ukawa unapita saa kumi. Nikadhani umebadili saa kwa ajili yangu, kwa kuwa jioni jua halinipigi usoni na waweza kuniona. Nilifurahi sana, Haidari. Ndiyo sababu?"

Haidari akavaa joho lake akatoka, na mkewe hakumuuliza tena mpaka uzeeni mwao, na waliishi kwa adabu kubwa.

Na Mwana Tima aliugua, akaletwa kulazwa nyumbani kwa mwanawe penye mazulia, karibu na tundu la dhahabu, maana kasuku naye alirithiwa pamoja na uwaziri. Akaletewa maji ya bara kwa bilauri ya fedha, akayasogeza kando.

"Haya si mabaya," akasema, "lakini si yetu. Mimi nataka ya Kisima Mama, baba. Yale yako. Tangu arusi yako ulimi wangu umeharibika, kila ninachokunywa naona chumvi, sijui nilimkosea nani. Labda leo yatakuwa mazuri. Niletee kidogo tu."

Haidari akapiga magoti. Miaka ile yote alikuwa amemwacha aamini kwamba ni ulimi wake, ni mkono wake, ni uzee, na sasa akafungua kinywa ili amwambie, na kabla hajasema kasuku akasema, "Njoo kesho."

Mwana Tima akacheka, kicheko kidogo kilichomchosha. "Heri huyo, anajibu. Haya, kesho basi."

Kesho hakuifikia. Walipofungua sanduku lake watoe sanda, wakaikuta imefungwa pamoja na ijaza yenye mihuri mitatu, na wino wa dhahabu haujafifia. Na akaoshwa kwa maji ya Kisima Mama, kwa kuwa ndivyo alivyousia, na waoshaji wakasema kwamba yalipokauka yaliacha weupe mwembamba juu ya ngozi yake, kama umande.

Na inasemwa kwamba tangu siku hiyo, kila bamvua, saa nne ya asubuhi, maji yamekupwa kabisa, Waziri Haidari hushuka farasi wake uwanjani mbele ya watu, huteremsha kamba ya usumba ndani ya kisima ambacho hakuna tena anayechota maji yake, huhesabu mafundo, na huinama ukingoni akasema fundo alilolikuta. Husema kweli kila mara. Kisha husikiliza.

Na hapa ndipo panapokatikia kamba yetu. Mwenye kutaka funzo na achukue hili: ukweli una saa yake, na anayeusema saa isiyokuwa yake hana tofauti na mwongo, ila kwamba mwongo hulala. Na ninyi mlioviweka vikombe chini, sasa nyweni, na kabla hamjameza, onjeni.